Mfuko wa Rambo Umeondoka, Mazoea Yamebaki

Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekishika mkononi, yaani mfuko wa kubebea vitu vya sokoni. Baadhi yenu mtauliza: Je, habari hiyo haikwisha tangu mwaka 2019? Serikali si ilikwisha kupiga marufuku? Ni kweli ilipiga marufuku, na tunaipongeza. Lakini mtu akienda sokoni leo na kuangalia mikononi mwa wanaotoka, ataona kwamba kazi haijamalizika. Mfuko wa rambo wenye vishikio umepungua sana. Mazoea ya kwenda sokoni mikono mitupu, kwa kutegemea kwamba muuzaji atatafuta cha kufungia, bado tunayo. Hapo ndipo kazi ya sharika inapoanzia.

Tulikotoka

Wazee wetu hapa wanakumbuka wakati ambapo hapakuwa na nyumba isiyo na kikapu cha sokoni. Kilisukwa kwa ukindu au kwa milala, kikining'inizwa nyuma ya mlango wa jiko. Samaki walifungwa kwa majani, sukari ilifungwa kwa karatasi, na mafuta ya taa mtu alikwenda na chupa yake. Hatusemi kwamba maisha yalikuwa rahisi. Tunachosema ni kwamba aliyetaka kununua alitoka nyumbani akiwa amejiandaa.

Mfuko wa plastiki wenye vishikio ulibuniwa Sweden, nchi ambayo Kanisa lake limekuwa mshirika wetu kwa miaka mingi. Mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast ndiye aliyepata namna ya kuutengeneza kutokana na kipande kimoja, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Mwanawe ameeleza kwamba baba yake hakukusudia mfuko ule utupwe. Alitaka utumike mara nyingi, na yeye mwenyewe alizoea kutembea na mmoja uliokunjwa mfukoni mwake. Basi ubaya ulianzia pale mfuko ulipokuwa mwepesi na rahisi kiasi kwamba muuzaji aliweza kuutoa bure, na kitu cha bure hakitunzwi.

Madhara yake hatuna haja ya kuyaeleza kwa urefu. Mitaro iliziba, na mvua ya masika ikaleta mafuriko kwenye nyumba za mabondeni. Ng'ombe na mbuzi walikula mifuko iliyokuwa na chumvi au maganda ndani yake, wakakonda na kufa huku mwenye mifugo akitafuta dawa ya minyoo. Shambani, plastiki iliyochanganyika na samadi huzuia maji kupenya na mizizi kushuka. Hayati Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa akikumbusha kwamba mfuko uliotupwa ukishika maji ya mvua huwa nyumba ya mbu. Jikoni nako tuna desturi mbili ambazo hazifai: kuwashia mkaa kwa nailoni, na kufunika sufuria ya wali au makande kwa nailoni ili iive upesi. Moshi ule unavutwa na mama na mtoto aliye mgongoni, na joto la sufuria huyeyusha katika chakula kile ambacho hakikutengenezwa kuliwa.

Sheria inasema nini

Ni vizuri kamati zikaifahamu sheria, maana tumegundua kwamba wengi wanaiogopa bila kuijua. Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mwaka 2006. Kwa upande wa Bara, katazo la mifuko myembamba lilitangazwa mwaka huo huo, lakini mifuko iliendelea kuuzwa. Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza bungeni kwamba mwisho ungekuwa tarehe 31 Mei, na kuanzia tarehe 1 Juni 2019 kanuni mpya zikaanza kutumika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kanuni hizo zinakataza kutengeneza, kuingiza, kusafirisha nje, kuuza, kuhifadhi, kugawa na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, bila kujali unene wake.

Adhabu zinatofautiana. Anayetengeneza au kuingiza anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 2. Anayeuza ni shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3. Anayekutwa nao akiutumia ni shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Hata hivyo, plastiki ya kufungia dawa, bidhaa za viwandani, vyakula vilivyosindikwa, pembejeo za kilimo, vifaa vya ujenzi na ya kuhifadhia taka haikukatazwa.

Tunaomba mwangalie takwimu hiyo ya shilingi 30,000. Kwa mwenye duka kubwa ni hela ndogo. Kwa mama anayeuza dagaa kwa mafungu, ni mtaji wote na pengine deni juu yake. Tutarudi kwenye jambo hili.

Plastiki ilivyoingia kwa mlango wa uani

Ile ruhusa ya vifungashio ndiyo iliyotumiwa kukwepa katazo. Vile vimfuko vyeupe, vyembamba, visivyo na vishikio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufungia mkate, karanga au ubuyu, vikageuka kuwa vya kubebea nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima na hata chapati za moto. Mwaka 2021 Serikali ililazimika kutoa tamko jingine dhidi ya vifungashio vinavyotumika kama mifuko. Yeyote mwenye macho anajua kwamba vingali sokoni.

Lipo pia jambo la pili ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ule mfuko mbadala laini unaofanana na kitambaa, ambao sote tunao nyumbani, nao asili yake ni plastiki. Umeruhusiwa kwa masharti ya ubora, na mojawapo ni kwamba uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili udumu. Mwaka 2020 wakaguzi wa mazingira walifanya misako ya mifuko ya namna hiyo iliyokuwa chini ya kiwango. Mfuko hafifu ukichanika baada ya safari mbili, tumebadilisha jina la taka tu.

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha aina za mifuko, kuanzia kutengenezwa hadi kutupwa. Ulionyesha kwamba ili mfuko mbadala usizidi ule mwepesi wa plastiki katika kuchangia joto la dunia, wa karatasi unapaswa kutumika walau mara 3, ule laini unaofanana na kitambaa mara 11, na wa pamba mara 131. Ndugu washiriki, kwa mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, mara 131 ni zaidi ya mwaka mzima kwa mfuko mmoja! Kwa hiyo swali la kumuuliza muumini wetu si kama ana mfuko mzuri. Tumwulize ameutumia mara ngapi.

Tunayojifunza kwa wengine

Ireland haikupiga marufuku. Tarehe 4 Machi 2002 iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko, mteja akilipa mwenyewe dukani, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa mazingira. Kabla ya hapo, kila mtu alikuwa akitumia wastani wa mifuko 328 kwa mwaka. Baada ya tozo ilishuka hadi 21. Senti 15 hazikumfilisi mtu. Zilimfanya mteja aulizwe kila siku, "Unahitaji mfuko?", naye akajifunza kujibu kwamba amekuja na wake.

Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2008, na ina faida ya umuganda, siku ya kazi za pamoja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo raia huokota taka kwa mikono yao wenyewe. Kenya ilianza katazo lake tarehe 28 Agosti 2017, lenye adhabu kali kuliko zetu.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa mji mdogo wa Modbury huko Devon, Uingereza, wenye wakazi takriban 1,500. Mpiga picha za wanyama, Rebecca Hosking, alirudi kutoka Hawaii alikokuta ndege wa baharini wamekufa, matumbo yao yamejaa plastiki. Akawaalika wafanyabiashara wa mji wake, akawaonyesha filamu yake, wakajadiliana. Tarehe 1 Mei 2007, wafanyabiashara wote 43 waliacha kutoa mifuko ya plastiki. Hapakuwa na sheria wala polisi. Walianza kwa majaribio ya miezi 6 na hawakurudi nyuma. Nguvu yao ilikuwa katika neno "wote". Duka moja likikataa plastiki na la jirani likaendelea kutoa, wateja wanahamia kwa jirani. Wote wakikubaliana siku moja, hakuna anayepoteza mteja.

Yaliyofanyika katika sharika zetu

Sisi tuna kitu ambacho Modbury hawakuwa nacho: kila Jumapili tunakusanyika. Na baada ya ibada tuna mnada. Ndizi, mayai, miwa, maharage, kuku na mboga zilizoletwa kama sadaka hununuliwa pale nje ya kanisa. Kwa miaka mingi mnada ule ulikuwa ukimaliza rundo la mifuko kila Jumapili, na Jumatatu mhudumu wa kanisa aliikusanya na kuichoma. Kwa hiyo sharika zilizotaka kuanza, tulizishauri zianzie hapo, kwenye uwanja wao wenyewe, kabla ya kwenda kumfundisha mtu sokoni.

Katika usharika mmoja wa mjini, baadhi ya wazee walipendekeza vijana wasimame getini na kumrudisha kila anayekuja na plastiki. Akina mama walipinga. Walisema atakayerudishwa si mwenye gari. Atakuwa bibi aliyeleta mayai yake sita ndani ya kifungashio kwa sababu hana kingine, na mayai yale ni sadaka. Baada ya mjadala mrefu iliamuliwa kwamba badala ya mlinzi, meza ya mnada iwe na vikapu vya usharika. Anayenunua bila chombo anaazima kikapu, jina lake linaandikwa kwenye daftari, anakirudisha Jumapili inayofuata. Asiyerudisha anasomwa kwenye matangazo, kwa upole na kwa kicheko. Daftari hilo limefanya kazi kuliko mahubiri yetu mengi juu ya mazingira.

Sharika nyingine zimetumia vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Vitenge na vipande vya turubai vinashonwa kuwa mifuko, na wanafunzi wa Kipaimara wanafundishwa kushona mmoja mmoja, kama vile katika baadhi ya dayosisi za KKKT wanavyopanda miti. Viroba vya unga na vya sukari, vikioshwa na kutiwa vishikio, vinakuwa mifuko imara ya kubebea mkaa na viazi. Vikundi vya wasusi wa vikapu, ambao soko lao liliuawa na rambo, wameanza kupata oda.

Ugumu upo, na ni vema tuutaje. Mteja wetu mwingi hununua kidogo kidogo: mafuta ya kula ya kupima, dagaa wa fungu, sukari robo, nyanya tatu. Kikapu hakibebi mafuta wala dagaa wabichi. Mtu asiye na fedha ya kununua kwa wingi ndiye anayetumia vifungashio vingi, na ndiye anayeweza kutozwa ile faini ya shilingi 30,000. Tukizungumza juu ya plastiki bila kumzungumzia mtu huyu, tutakuwa tunawaelimisha wenye uwezo na kuwaadhibu maskini. Suluhisho lililofanikiwa ni dogo: kopo lenye kifuniko. Katika mtaa mmoja, muuza mafuta alikubali kumwongezea kidogo kila anayekuja na chupa yake, maana yeye naye anaokoa gharama ya kununua vifungashio. Muuza dagaa vivyo hivyo. Hapo pande zote mbili zinapata faida, na ndiyo sababu jambo hilo limedumu.

Tunayoomba kwa kamati

Kwanza, kila kamati ianze na mnada wake. Ndani ya miezi mitatu usharika uwe na vikapu vya kuazima na daftari lake.

Pili, kamati iwaite wafanyabiashara wa soko la jirani wote kwa pamoja, wa dini zote, kwa kushirikiana na serikali ya kijiji au mtaa. Asiitwe mmoja mmoja. Makubaliano yawe ya siku moja kwa wote.

Tatu, tusijifanye polisi. Kumchongea mama muuza mboga si kazi ya Diakonia. Kabla ya kumwambia mtu aache kitu, tuwe tumemwonyesha kitakachochukua nafasi yake na bei yake.

Nne, tuhesabu. Kazi isiyohesabiwa hubaki kuwa maneno ya kwenye ripoti. Njia ni rahisi: siku ya soko, watu wawili wakae karibu na lango kwa saa moja. Mmoja ahesabu wanaotoka na kikapu au mfuko wao, mwingine ahesabu wanaotoka na vifungashio. Warudie mara tatu kwa mwaka, siku ile ile ya juma na saa ile ile. Namba hizo ziandikwe hata kama si nzuri. Usharika utakaoleta namba iliyoshuka unatusaidia kama ule utakaoleta iliyopanda, maana tutajua wapi pa kwenda.

Tunayoomba kwa wafadhili

Kwenu ndugu zetu wafadhili tuna shukrani, na tuna maombi mawili ambayo tunayasema kwa heshima.

Ombi la kwanza: tusigawe mfuko mpya katika kila semina. Sote tunajua kwamba kila warsha, kila mkutano mkuu na kila maadhimisho yana mfuko wake laini wenye nembo na tarehe. Kuna nyumba za wazee wa kanisa zenye mifuko ya namna hiyo zaidi ya kumi, wakati mama aliye nyuma ya nyumba hiyo hana hata mmoja. Fedha ya mifuko mia moja ya semina inaweza kuwa mtaji wa ukindu na rangi kwa kikundi cha wasusi. Leo mmeona hakuna mfuko mezani penu. Haikuwa kusahau.

Ombi la pili: tupeni muda. Mradi wa mwaka mmoja unatosha kutoa elimu na kupiga picha. Kubadilisha mazoea ya jikoni na sokoni kunahitaji miaka mitatu hadi mitano, na sehemu kubwa ya gharama ni ndogo ndogo: nauli ya mwinjilisti, makopo, nyuzi, daftari. Hizo si gharama za kupendeza kwenye ripoti, lakini bila hizo vikapu vitakuwa mapambo.

Mwisho

Ndugu washiriki, kazi ya kwanza aliyokabidhiwa mwanadamu ilikuwa ya kutunza bustani. Bustani yetu leo ni pamoja na mtaro wa mbele ya nyumba, shamba la migomba, zizi, na njia ya kwenda sokoni. Sheria imefanya sehemu yake kwa kuondoa mfuko wa rambo kiwandani na dukani. Haiwezi kuingia jikoni kwa mtu kumkumbusha achukue kikapu. Hiyo ni kazi ya jirani kwa jirani, na kanisa lina majirani kila kitongoji.

Fomu za kuhesabia sokoni zipo kwa katibu wa semina. Tunaomba kila kamati ichukue yake kabla ya kuondoka, na majibu ya kwanza yafike ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo la jarida hili ili tuyachapishe, mazuri na yasiyo mazuri.